Winchi Isiyovuta Ndiyo ya Kuchunga

Wenye magari ya porini wengi huiogopa winchi inapofanya kazi: gari limezama tope hadi ekseli, kamba imekazwa, injini inaunguruma. Hofu hiyo ina msingi, maana kamba ikikatika inaweza kuua mtu. Lakini tukizungumzia moto, saa mbaya zaidi huwa ni nyingine. Ni pale gari linapokwenda zake barabarani au limeegeshwa kambini usiku, winchi imetulia kwenye bampa na hakuna anayeifikiria.

Chanzo ni namna inavyofungwa. Taa, redio, honi na pampu ya mafuta vyote vina fyuzi. Waya wake ukigusa bodi, fyuzi inaungua na mambo yanaishia hapo. Winchi nyingi hufungwa bila fyuzi yoyote. Kebo nene hutoka kwenye kichwa chanya cha betri, hupita kando ya rejeta na kufika kwenye kisanduku cha solenoidi mbele kabisa ya gari. Uvute usivute, kebo hiyo ina umeme saa 24.

Ukilalamika, fundi atakujibu kwamba hata starta haina fyuzi. Ni kweli, ila kebo ya starta ni fupi na imejificha ubavuni mwa injini. Ya winchi inakwenda hadi kwenye bampa, mahali panapotangulia kugonga chochote. Gari likivaa mti au nyuma ya lori, kebo hubanwa katikati ya vyuma, na kuanzia hapo betri hutapika umeme wake wote bila kizuizi.

Hapo ndipo wengi hujidanganya na volti 12. Volti hizo hazikurushi ukizigusa, lakini kinachowasha moto ni wingi wa mkondo. Taa kubwa mbili za mbele za wati 55 kila moja hutumia ampea 9 hivi. Winchi ya ratili 9,500, yaani kilo 4,300 hivi, ikivuta mzigo wake wote hula zaidi ya ampea 400. Betri nzima ikipigwa shoti inaweza kutoa ampea zaidi ya 1,000 kwa sekunde kadhaa. Mkondo huo unatosha kuyeyusha ganda la kebo na kuwasha mafuta, majani makavu na plastiki zilizo karibu.

Shoti haihitaji ajali. Barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda Seronera, kwa mawimbi yake, hutikisa gari mwanzo hadi mwisho. Kebo iliyolala juu ya ukingo wa chuma husuguliwa kidogo kidogo, na vumbi lililoingia katikati hufanya kazi ya msasa. Mwaka unaweza kupita bila dalili yoyote, kisha siku moja shaba inakutana na chasisi. Kebo iliyopitishwa karibu na ekzosi huharibika kwa njia nyingine: ganda la kawaida la PVC hutengenezwa kwa joto la nyuzi 70 hivi, na ukuta wa ekzosi hupita hapo kwa mbali.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni swichi kuu ya kukata umeme wa winchi. Ifungwe kwenye kebo chanya, karibu kabisa na betri, ili kipande kinachobaki na umeme kiwe kifupi. Wako wanaoipeleka ndani karibu na dereva ili iwe rahisi kuifikia. Hilo hurudisha tatizo lilelile, kwa sababu sasa kebo hai isiyo na kinga inatoboa ukuta wa injini na kuingia mlemle walimo abiria. Swichi iandikwe uwezo wa ampea 300 au zaidi mfululizo, na mkubwa zaidi kwa muda mfupi. Zile nyepesi zenye ufunguo mwekundu wa plastiki nyingi ni za ampea 100 hivi. Zinaweza kuyeyuka winchi ikielemewa. Kisha ije nidhamu: swichi huwashwa kamba inapotandazwa, na huzimwa kamba inapokunjwa. Wakati mwingine wote imezimwa.

Je, fyuzi? Zipo kubwa za ampea 400 au 500, na mafundi hawakubaliani juu yake. Wanaozikataa wanasema fyuzi ikikatika gari likiwa kwenye mteremko, dereva ataachwa pabaya. Wanaozitaka wanajibu kwamba breki ya winchi nzima hushikilia mzigo hata umeme ukikatika. Nadhani wa pili wana hoja nzito zaidi, mradi ukubwa wa fyuzi ulingane na kebo. Hata hivyo fyuzi haizibi nafasi ya swichi. Kebo iliyokwaruzwa inaweza kuvujisha ampea 200 kwenye chuma huku ikitoa cheche, na fyuzi ya 400 isishtuke. Swichi iliyozimwa haiachi hata ampea moja ipite.

Winchi inapovuta, adui anabadilika: sasa ni ukinzani. Chukua saketi ya mita 5, kwenda na kurudi, kwa kebo ya shaba ya milimita za mraba 35. Kwenye ampea 400 inapoteza volti 1, na wati 400 zinageuka joto katika urefu wote huo. Tumia kebo ya 16 ili kuokoa fedha, na joto linakaribia wati 900. Kibaya zaidi ni kiungo kilicholegea. Ukinzani wa omu 0.005 tu kwenye kichwa cha betri hutoa wati 800 mahali pamoja. Ni sawa na kufunga pasi ya umeme juu ya betri. Ndiyo maana vichwa vya kebo vinapaswa kubanwa kwa mashine yake, si kwa nyundo, wala si kwa lehemu peke yake, kwa kuwa lehemu huyeyuka kiungo kikipata moto.

Unaponunua kebo, kwangua nyuzi zake kwa kisu. Zikionyesha weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kwa takribani asilimia 60 tu ya shaba halisi, hivyo hupata moto zaidi kwa unene uleule. Kebo hasi nayo ipelekwe hadi kwenye betri. Isiachiwe boliti yenye kutu ya bampa.

Solenoidi ina ugonjwa wake. Volti zikishuka sana, sumaku yake hushika na kuachia harakaharaka, cheche huruka, na vishikizo huungana kama vilivyochomelewa. Utaachia kitufe, winchi itaendelea kuvuta. Hapo tena ni ile swichi kuu tu itakayoisimamisha. Kuzuia hilo, acha injini iwake, lakini kumbuka kwamba alteneta nyingi hutoa ampea 80 hadi 130 tu na betri ndiyo inayofidia pengo. Vuta kwa vipindi vifupi vya dakika moja hivi, pumzika, na gusa mota: ikiwa mkono haukai, subiri. Kwenye udongo mweusi wa Ndutu wakati wa mvua, tumia kapi. Kamba ikirudi mara mbili, mzigo kwenye winchi hupungua karibu nusu, na mkondo nao hushuka.

Ikitokea moshi, zima injini na swichi kuu kwanza, abiria washuke, kisha chukua mtungi wa unga. Usifungue boneti wazi. Inyanyue kidogo na pulizia penye upenyo, kwa sababu hewa nyingi hupa moto nguvu. Ukizima miali bila kukata umeme, shoti itauwasha upya.

Gari likitoka kwa fundi, usilipe kabla ya kukagua. Swichi iko wapi, na imeandikwa ampea ngapi? Kebo imepita wapi, na kila ukingo wa chuma umevishwa mpira? Kisha zima swichi na ubonyeze kitufe cha winchi. Ikizunguka, umeme wake umeunganishwa kwa njia nyingine isiyopita kwenye swichi, na fundi hajamaliza kazi.