Sauti zikinyamaza, huzuni inaweza kubaki

Mwezi huu tuongee juu ya ndugu zetu wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Hapa Bujumbura wengi wanatibiwa Kamenge, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Mafrere wa Charité, kilichoanza mwaka 1981.

Dawa ikituliza sauti, nyumbani tunashangilia: amepona! Kumbe sasa ndipo mgonjwa anaona alivyopoteza: masomo, kazi, ndoa. Hapati usingizi, hagusi chakula, anasema yeye ni mzigo. Tusimwite mvivu, wala tusiseme amerogwa. Inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Pengine ni dawa inamfanya mzito. Tusiikatishe wenyewe, tumrudishe kwa muganga aipime upya.

Katika wagonjwa 100 wa skizofrenia, karibu 5 hufa kwa kujiua. Basi akitaja kufa, tumuulize wazi: "Ndugu, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema. Tusimwache peke yake, tuweke dawa mbali naye, na tumpeleke kwa muganga siku ileile.