Kompyuta ya Kwanza ya Michezo kwa Bajeti Ndogo

Kompyuta ya michezo hutofautiana na kompyuta ya ofisi kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba picha zake hazikuhifadhiwa tayari kama zilivyo za filamu, bali huchorwa upya papo hapo kwa kufuata mkono wa mchezaji, na kila mchoro mmoja huitwa fremu. Zinapochorwa fremu 60 kwa sekunde, jicho huona mwendo laini. Zinaposhuka chini ya 30, mchezo hukwamakwama na mchezaji hupigwa kabla hajamwona adui. Kazi ya kuchora hufanywa na kadi ya grafiki, yaani ubao mdogo wenye prosesa na kumbukumbu yake wenyewe, na ndiyo maana mwenye fedha chache anapaswa kuitengea kadi hiyo fungu kubwa kuliko kipuri kingine chochote, hata likifikia theluthi ya bajeti nzima au zaidi.

Hata hivyo, kadi haichaguliwi kabla ya kujulikana ni mchezo gani utakaochezwa na kwenye skrini ipi. Skrini ya kawaida ina nukta za rangi, ziitwazo pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, wakati skrini ya 4K ina mara nne ya hizo, na kila nukta inayoongezeka humwongezea kazi mchoraji. Skrini pia ina kikomo cha picha inazoweza kuonyesha kwa sekunde, kinachopimwa kwa hezi, hivyo anayenunua kadi ya kutoa fremu 140 na kuiunganisha na skrini ya hezi 60 amelipia nguvu ambayo macho yake hayataiona. Michezo nayo haifanani kwa ulafi: Valorant na Cyberpunk 2077 zote zilitoka mwaka 2020, lakini ya kwanza ilibuniwa makusudi iweze kuchezwa kwenye kompyuta dhaifu, ilhali ya pili huielemea hata kompyuta ya bei kubwa.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi, njia ya gharama nafuu zaidi mara nyingi huanzia kwenye kompyuta za mtumba zilizostaafishwa maofisini, kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk, kwa sababu prosesa, ubao mkuu, kumbukumbu na kasha hupatikana humo kwa bei ndogo kuliko kuvinunua kimoja kimoja. Hapa ndipo penye mitego mingi, na wa kwanza ni jina la prosesa. Maneno "Core i7" ya Intel pekee hayamwelezi mnunuzi chochote cha maana, kwa kuwa kinachoamua ni kizazi, ambacho husomwa mwanzoni mwa namba inayofuata. Core i7-6700 ni ya kizazi cha 6 na ina viini 4, yaani sehemu 4 zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, wakati Core i5-8500, yenye jina la chini, ni ya kizazi cha 8 na ina viini 6. Tofauti hiyo imekuwa nzito zaidi tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa sababu Windows 11 haiungi mkono rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8.

Mtego wa pili ni umbo. Kompyuta hizo hutoka katika makasha ya ukubwa tofauti, na lile dogo kabisa linaloweza kubebwa kwa kiganja kwa kawaida halina nafasi ya kadi ya grafiki ya kawaida. Lile jembamba hupokea kadi fupi tu, na ni kasha la mnara pekee linalompa mnunuzi uhuru wa kutosha. Mtego wa tatu ni umeme, maana pawasaplai za kompyuta za ofisi, yaani vifaa vya kuzilisha umeme, ni ndogo na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi inayofaa ni ile inayotosheka na wati 75 zinazopita kwenye tundu lake la ubao mkuu. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na matoleo mengi ya GTX 1650 ya mwaka 2019 hukidhi sharti hilo, ingawa baadhi ya watengenezaji huziwekea soketi ya umeme ya ziada, jambo linalopasa kutazamwa kwa macho kabla ya malipo. Kadi ya GTX 1050 Ti pia imeghushiwa sana, kwa kuchukua kadi kuukuu na kuibadilishia utambulisho wa ndani, lakini programu ya bure ya GPU-Z inaweza kuzifichua nyingi kati ya kadi hizo bandia, na muuzaji mwaminifu hatakataa ifunguliwe dukani.

Anayetaka vipuri vipya anaweza kuanza bila kadi kabisa. Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, ina sehemu ya kuchora ndani ya prosesa yenyewe, ambayo huendesha michezo myepesi vizuri, na kadi huongezwa fedha zinapopatikana. Kinyume chake, prosesa nyingi za Intel zinazoishia na herufi F hazina sehemu hiyo, na bila kadi skrini hubaki nyeusi. Kwa kuwa mchoraji huyo wa ndani hukopa kumbukumbu ya kompyuta nzima, ramu, yaani kumbukumbu hiyo, ya gigabaiti 16 inunuliwe katika vipande 2 vya gigabaiti 8, vinavyofanya kazi kwa pamoja na kufungua njia 2 za data, kuliko kipande 1 cha 16. Aina ya ramu nayo ilingane na ubao mkuu, kwa kuwa ramu ya DDR4 haiingii katika tundu la DDR5. Kwa upande wa hifadhi, diski ya SSD haiongezi fremu, ila hupunguza sana muda wa kusubiri mchezo ufunguke.

Kipuri ambacho wanunuzi wengi hukitafutia unafuu, na ambacho hakistahili kutafutiwa, ni pawasaplai. Kifaa hiki hubadili umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaohitajika na vipuri, na kilicho kibovu kinapoungua kinaweza kuondoka na ubao mkuu pamoja na kadi iliyokula theluthi ya fedha. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, huthibitisha kwamba asilimia 80 au zaidi ya umeme unaovutwa hufika kwenye vipuri badala ya kupotea kama joto. Haithibitishi kinga dhidi ya hitilafu, hivyo isomwe pamoja na orodha ya kinga zilizomo na muda wa waranti. Katika mitaa ambayo umeme hupanda na kushuka au hukatika na kurudi kwa kishindo, bei ya stabilaiza, au ya UPS yenye betri inayompa mchezaji dakika chache za kuzima kompyuta kwa utaratibu, inafaa iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, hata ikibidi kushuka daraja moja la kadi ya grafiki.