Kuandika na kutafsiri kwa wateja wa mbali: namna ya kuanza ukiwa hapa Kivu

Mara nyingi baada ya ibada kijana hunifuata mpaka kwenye lango, simu mkononi, na kuniuliza swali lile lile: "Mama, ni kweli mtu anaweza kukaa hapa Bukavu akalipwa na mtu wa Ulaya kwa kuandika tu?" Ni kweli. Mimi nafanya kazi hiyo tangu mwaka 2017. Lakini si kwa namna inayosemwa katika zile video zinazozunguka kwenye WhatsApp, zinazoahidi dola elfu moja mwezi wa kwanza. Mwezi wangu wa kwanza sikupata kitu. Mwezi wa tatu nilipata dola 18.

Kwa sababu swali linarudi kila mara, na kwa sababu najua wazazi waliouza mbuzi ili mtoto alipie mafunzo yasiyo na faida, naeleza hapa yale ninayoyajua.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kufikiri kwamba wanauza Kiingereza au Kifaransa. Waandishi wa Kiingereza na Kifaransa wako wengi mno duniani, na wengi wamezaliwa ndani ya lugha hizo. Wewe una kitu ambacho wao hawana: Kiswahili cha huku kwetu, pengine na Kinande, Mashi, Kihavu au Kilega, pamoja na Kifaransa cha shule. Tena unajua namna watu wa huku wanavyoishi. Unajua neno gani mama wa sokoni Kadutu atalielewa na lipi litampita.

Tuliliona jambo hili wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini mwezi wa nane 2018, na mwisho wake ulitangazwa mwezi wa sita 2020. Shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha za ujumbe wa afya huko, likasema wazi kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu havitoshi: watu walitaka kuelezwa katika Kiswahili wanachokisema wenyewe, na Kinande kwa wanaokisema. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam, hata awe msomi, hawezi kuandika karatasi ile kama kijana wa Butembo.

Kazi zenyewe ni za namna nyingi. Kuna kutafsiri maswali ya uchunguzi kabla watafiti hawajaingia vijijini. Kuna kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika yote neno kwa neno, kisha kuyatia katika Kifaransa. Kazi hii hudharauliwa, lakini saa moja ya sauti humchukua hata mzoefu saa nne, na anayeanza zaidi. Kuna kuandika maneno ya chini ya video, kuandika taarifa za mashirika, na siku hizi kusahihisha tafsiri iliyofanywa na mashine. Mashine zinajua Kiswahili cha vitabu kiasi fulani. Cha huku zinakivuruga, na hapo ndipo mteja anapokuhitaji.

Sasa uanze wapi? Usianze kwa kutafuta mteja. Anza kwa kutengeneza mifano mitatu ya kazi, kwa sababu mteja wa mbali hakujui na diploma yako haimwambii kitu. Parokia zetu zimejaa kazi ya namna hiyo. Chukua mahubiri ya Jumapili uyafupishe katika ukurasa mmoja wa Kifaransa. Chukua taarifa ya kikundi cha akina mama kuhusu akiba yao uitie katika Kiswahili safi. Omba ruhusa kwanza, na uondoe majina ya watu. Barua ya mtu aliyekuja kuomba shauri kwa mchungaji usiitumie kabisa, hata ukiondoa jina; mtaani watamtambua. Ukitaka mfano wenye uzito zaidi, Translators without Borders hupokea wanaojitolea. Hakuna malipo katika kazi za kujitolea, lakini unajifunza na unapata kitu cha kumwonyesha mteja.

Baadaye ndipo utafute. Watafsiri wengi wako ProZ.com, tovuti iliyoanza mwaka 1999. Wengine wanatumia Upwork au Fiverr. Jua tu kwamba Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo yako, na Upwork kila barua ya kuomba kazi hutumia vipande vinavyonunuliwa kwa pesa, kwa hiyo usitume barua hamsini zinazofanana. Kwa maoni yangu, njia inayosahauliwa ni ya karibu zaidi: mashirika yanayofanya kazi hapa hapa, na ofisi za kutafsiri za Ulaya zinazohudumia mashirika hayo. Mwandikie mtu anayehusika barua ya mistari minane. Sema lugha zako, sema umefanya nini, weka mfano mmoja, sema bei yako. Usieleze mateso ya familia. Najua ni kweli, lakini anayesoma anatafuta mfanyakazi.

Bei huhesabiwa kwa neno. Mtafsiri mzoefu hufikisha maneno 2,000 hivi kwa siku, akiwa na muda wa kusoma tena. Tuseme mmepatana senti 5 za dola kwa neno, na hati ina maneno 1,500: hiyo ni dola 75. Toa makato ya tovuti, toa makato ya kutuma pesa, toa mega ulizonunua na mafuta ya jenereta. Kinachobaki ndicho mshahara wako, na ni vizuri ukihesabu kabla ya kukubali, si baada.

Malipo ndiyo sehemu ngumu kwetu. Tangu benki zilipofunga milango Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, watu wengi wanaishi kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mteja wa Brussels pengine hajui jambo hilo. Kwa hiyo swali la njia ya malipo liulizwe kabla hujagusa neno la kwanza: pesa itapita wapi, kwa jina la nani, nani analipa makato, na baada ya siku ngapi. Ukitumia akaunti ya ndugu aliye nje, kumbuka kwamba tovuti nyingi hukataa akaunti isiyo ya jina lako, na kwamba ugomvi wa dola 60 umeshavunja undugu wa miaka mingi. Andikeni.

Mwaka wangu wa pili nilimtafsiria mteja mmoja maneno 4,000 kwa siku tatu. Alipokea kazi, akashukuru, akanyamaza. Sikuwa na mkataba, wala faktire, wala anwani yake ya kweli. Tangu hapo mteja mpya ananipa kipande kidogo kwanza na kukilipa, au analipa nusu mbele. Wanaokataa yote mawili nawaacha.

Kuhusu saa. Majira ya joto ya Ulaya, saa yetu ni moja na ya Brussels na Paris. Majira ya baridi sisi tuko mbele kwa saa moja. New York iko nyuma yetu kwa saa sita au saba. Mteja wa huko akisema kazi ifike saa kumi na moja jioni, kwako ni saa tano au saa sita usiku, wakati ambapo umeme huenda umekatika. Mweleze mapema hali ya umeme na intaneti, na uahidi siku moja zaidi ya ile unayoihitaji. Mimi nilimpoteza mteja mzuri kwa sababu umeme ulipokosekana nilinyamaza siku mbili kwa aibu. Alisema umeme angeuelewa. Kimya ndicho kilichomshinda.

Kuna kazi nitakazowaomba vijana wetu wazikatae, hata njaa ikiuma. Utaombwa kumwandikia mwanafunzi wa nje kazi yake ya chuo. Biashara hiyo imeenea sana Kenya, na inalipa. Lakini ni kumsaidia mtu kudanganya walimu wake, na Uingereza imeweka sheria mwaka 2022 dhidi ya wanaoiuza. Utaombwa pia kukodisha akaunti yako, mtu mwingine afanye kazi kwa jina lako. Siku atakapoiba, jina ni lako. Na usitume kazi ya mashine ukisema ni yako. Anayelipa akigundua, harudi, na hamwamini tena hata mwenzako wa Uvira.

Wezi nao wapo. Anayekuomba pesa ili akupe kazi ni mwizi, aite ada, dhamana au mafunzo. Anayekulipa zaidi "kwa makosa" na kuomba urudishe iliyozidi ni mwizi pia: malipo yake yatafutwa baada ya wewe kutuma yako.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Mtoto anayekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima anaonekana mvivu, na binti huitwa kila dakika kumi: maji, moto, mdogo wako analia. Kazi hii inahitaji saa tatu au nne za utulivu. Binti mmoja wa parokia yetu, anayeandika mahojiano ya sauti, alikuwa anaamka saa tisa usiku kwa sababu mchana hakuachwa. Mama yake alipoona malipo ya kwanza kwenye simu, dola 22, alimhamishia kaka yake zamu ya kuteka maji ya asubuhi. Kaka alilalamika wiki nzima. Sasa anaomba afundishwe.