Askari Anapozuru Kisiwa cha Chumbe

Uganda haina bahari, na askari wengi wa Ntinda na Naguru walioiona Bahari ya Hindi waliiona wakiwa kazini. Tangu mwaka 2007 vijana wetu waliotumwa Somalia walilinda Mogadishu huku mawimbi yakipiga karibu na kambi zao, lakini hiyo haikuwa safari ya matembezi. Askari apataye likizo na kuweka akiba kidogo anaweza kuiendea bahari kwa njia nyingine: atapanda basi la Kampala kupitia Mutukula hadi Dar es Salaam, kisha boti ya abiria impeleke Unguja. Kutoka Mji Mkongwe, kiasi cha kilomita 12 upande wa kusini, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Tunakitaja hiki mbele ya vingine kwa sababu historia yake inamhusu askari, na ulinzi wake utamshangaza.

Kwa miaka mingi Chumbe hakikuwa na wakazi ila mtunza taa na jamaa zake. Waingereza walijenga mnara wa taa hapo mwaka 1904, na kando yake uko msikiti mdogo. Upande wa magharibi, ulipo mwamba wa matumbawe, wavuvi hawakuruhusiwa kuvua, kwa kuwa ngalawa zao zingezuia meli ziendazo na kutoka Dar es Salaam. Isitoshe, jeshi lilikuwa likifanya mazoezi ya kulenga shabaha katika pwani inayokielekea kisiwa. Hivyo basi, samaki na matumbawe ya Chumbe yalisalimika bila mtu yeyote kukusudia, huku sehemu nyingine za pwani zikiharibiwa kwa baruti na nyavu za kukokota.

Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa hicho na mwamba wake kuwa hifadhi, na kukabidhi uangalizi kwa kampuni iliyoanzishwa kwa kazi hiyo na mama mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller. Katika mwamba huo wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 400 za samaki na karibu aina 200 za matumbawe magumu. Nchi kavu wako paa nunga, wanyama walio adimu sana duniani, na kaa wa nazi, ambaye ni mkubwa kuliko kaa wote waishio nchi kavu.

Sasa tuje kwenye ulinzi wenyewe. Walinzi wa Chumbe ni watu waliokuwa wavuvi katika vijiji vya jirani, wakaajiriwa na kufundishwa. Hawana bunduki. Ngalawa ikiingia katika eneo lililokatazwa, mlinzi huiendea kwa mashua, huwasalimu waliomo, kisha huwaeleza kwamba hapo ndipo samaki wanapozaliana, na kwamba samaki wakizidi hutoka wenyewe kwenda mahali ambapo uvuvi ni halali. Baadaye huandika daftarini aina ya chombo, kilichokuwa kikifanyika, na jinsi wavuvi walivyopokea maneno yake. Kwa zaidi ya miaka 30 mwamba umelindwa hivyo, na bado ni miongoni mwa miamba mizuri kabisa ya Afrika Mashariki.

Msomaji wa Ntinda atauliza, kwa haki, kama jambo hilo lingewezekana kwetu. Tangu mwaka 2017 wanajeshi wa UPDF wamekuwa wakizuia uvuvi haramu katika Ziwa Viktoria, na malalamiko ya wavuvi kuhusu ukali uliotumika yamefika hadi bungeni. Ziwa letu si Chumbe. Ni pana mno, lina mamia ya maelfu ya watu wanaolitegemea, na biashara ya sangara ina fedha nyingi na wenye tamaa wengi. Kisiwa cha urefu wa kilomita moja hivi hakiwezi kuwa kipimo chake. Hata hivyo, maoni yetu ni kwamba lile daftari linastahili kutazamwa na kila kamanda wa doria. Mvuvi aliyeelezwa sababu na mvuvi aliyechomewa mtumbwi wote wawili huondoka, lakini wa pili hungoja usiku aje tena.

Tukirudi kwa mgeni: huko Chumbe askari, hata awe na nyota begani, yuko chini ya amri ya yule mvuvi wa zamani. Akiambiwa asikanyage, asikanyage. Matumbawe huonekana kama mawe, kumbe ni makundi ya wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba za chokaa. Yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Teke moja la mtu asiyejua kuogelea vizuri huvunja kazi iliyoanza kabla hajazaliwa. Kwa hiyo asiyejua kuogelea aseme mapema, wala asione haya, apewe fulana ya kuelea. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi kwa wageni; mtu huelea juu akitazama chini kwa miwani na mrija. Badala ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, ambayo baadhi yake hudhuru matumbawe, ni afadhali aingie majini amevaa fulana ya mikono mirefu. Samaki hawalishwi. Kiti cha pweza hakitolewi majini kwa ajili ya picha.

Kuna adui ambaye hata mlinzi hodari hawezi kumzuia, nalo ni joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe, na sehemu kubwa yakafa. Mwamba uliokwisha kuumizwa na nyayo na nanga hupona kwa shida zaidi baada ya msiba wa namna hiyo.

Jambo la mwisho ni mizigo. Mjini Unguja, au ufukweni popote, mtu anaweza kuuziwa kombe, kipande cha tumbawe au bangili ya ganda la kasa. Biashara ya kasa kati ya nchi na nchi imekatazwa kwa mkataba wa kimataifa. Afisa wa Mutukula afunguaye mkoba na kukuta ganda hilo hatauliza kwanza kama mwenyewe ni raia au ni polisi mwenzake, na itakuwa aibu kubwa kwa askari kuandikiwa kesi akitoka likizoni.