Jino Likivimba, Usikimbilie Vidonge vya Sokoni

Ndugu wakazi wa kambi, tunapopita nyumba kwa nyumba tunaulizwa sana: "Jino lilitoa usaha, nikanunua vidonge, mbona uvimbe umerudi?" Soma hapa.

Bakteria, yaani vijidudu vinavyoleta usaha, haviuawi na kila dawa. Maabara kubwa hupima dawa ipi inaviweza. Daktari huvuta usaha kwa sindano, kwani akipangusa mdomoni tu atachukua vijidudu vya mate. Vijidudu hupandwa kwenye sahani yenye chakula chao kilichoganda. Juu yake huwekwa vikaratasi vya duara, kila kimoja na dawa yake, kisha sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha. Pakitokea eneo tupu kuzunguka kikaratasi, mtaalamu hulipima kwa milimita na kulinganisha na jedwali. Vijidudu vikiota hadi kwenye kikaratasi, dawa hiyo imeshindwa. Vijidudu hivyo huitwa sugu.

Lakini usaha wa jino una vijidudu vya aina nyingi, na vingi haviishi penye hewa. Kuviotesha kunahitaji vifaa maalumu na siku kadhaa. Kwa hiyo kipimo hiki hakifanywi kwa kila jino. Tiba ya kwanza ni kutoa usaha na kung'oa jino au kutibu mzizi. Vidonge peke yake hutuliza kwa muda. Chanzo kikibaki, uvimbe hurudi.

Vidonge visivyo na mpango vina hasara nyingine. Huua vijidudu dhaifu, vilivyo sugu vikabaki na kuzaana. Vya mdomoni vinaweza hata kuwapa wenzao usugu huo. Kesho mtoto wako akiugua nimonia, dawa ile ile inaweza kushindwa kumsaidia.

Mzazi, ndugu, kumbuka:
- Usinunue dawa za kuua bakteria bila kuandikiwa.
- Usigawane vidonge na jirani, wala usiweke akiba.
- Fuata kipimo na siku ulizoandikiwa.
- Piga mswaki mara mbili kwa siku.

Uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, ukiwa na homa, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje asubuhi. Mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako akusaidie.