Mbwa Akimuuma Mchumaji, Nani Alipe?



Msimu uliopita, asubuhi moja kabla jua halijapanda, alikuja ofisini kwetu mama mmoja mchumaji akimshika mkono mwanawe wa miaka tisa. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kipande cha kanga, na kanga yenyewe imelowa damu. Walikuwa njiani kwenda kuchuma katika shamba la mwanachama mwenzetu mmoja. Mbwa wa shamba, ambaye hufunguliwa usiku kwa ajili ya wezi wa karafuu, alikuwa bado hajafungwa.

Mama yule hakuja kudai kitu. Alikuja kuomba radhi kwamba siku ile hataweza kuchuma, na kuuliza kama nafasi yake atapewa mtu mwingine. Nilipomwuliza kama mtoto amepelekwa hospitali, alijibu kuwa kidonda amekwisha kukisugua kwa maji na udongo mara saba, kama tulivyofundishwa chuoni, na nauli ya kwenda mjini hana.

Maneno yale yamenikaa moyoni, na ndiyo sababu ya makala hii. Wengi wetu tunafuga mbwa. Tumbili hawana huruma na mihogo na ndizi zetu, wala mwizi hana huruma na karafuu zilizo kwenye majamvi. Kufuga mbwa wa ulinzi si kosa. Lakini aliyeumwa ana haki yake, na mwenye mbwa ana wajibu wake, nasi yatupasa tuyajue yote mawili kabla ya msimu kuanza, si baada ya damu kumwagika.

UHAI KWANZA, FEDHA BAADAYE

Kabla ya kusema habari ya fidia, hapana budi tuseme habari ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukisha kuonyesha dalili kwa mwanadamu, kupona karibu hakupo. Lakini kabla ya dalili, unazuilika. Dawa yake ya kwanza ni ya bei ndogo kabisa: osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku ile ile ukachomwe sindano, na urudi kwa kila sindano uliyoandikiwa mpaka zitimie. Anayechomwa moja akaacha, hajajikinga.

Kuhusu udongo, tuseme wazi. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni hukumu ya tohara katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Si dawa ya kidonda, wala udongo hautiwi ndani ya nyama iliyochanika. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake, lakini amwulize akiwa amekwisha kuchomwa sindano.

Sisi watu wa Pemba hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Wataalamu waliofuatilia kichaa cha mbwa kisiwani kwetu tangu 2010 walikuta minyororo mitano ya maambukizo ikizunguka kwa wakati mmoja. Mbwa wa kisiwa kizima wakachanjwa mwaka baada ya mwaka, na kufika Mei 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Kisha chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili. Ikabidi kazi ya kuchanja ianzwe upya, na ugonjwa ukakomeshwa tena Oktoba 2018. Funzo lake ni jepesi: mbwa asiyechanjwa si siri ya mwenyewe peke yake, ni hatari ya kisiwa kizima.

SHERIA YASEMAJE

Baada ya mtoto kutibiwa, nilikwenda kwa mwanachama mwenzetu, mwenye mbwa. Alinipokea vizuri, akanitilia kahawa, kisha akasema neno ambalo nadhani wengi wetu tungelisema: "Katibu, mbwa wangu hajapata kumuuma mtu hata siku moja. Mimi nina kosa gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda mjini kwa wakili, akanieleza kwa lugha ya kueleweka, nami nawapeni kama nilivyoyapata.

Misingi ya madai ya namna hii tumeirithi katika sheria ya Kiingereza, tangu enzi za himaya, na mahakama zetu zingali zikiirejelea. Msingi wa kwanza ni ujuzi wa mwenye mnyama. Simba ni mkali kwa tabia yake, na anayemfuga hulipa bila ya kuulizwa alijua nini. Mbwa huhesabiwa mnyama mpole, kwa hiyo mdai hana budi aonyeshe kuwa mwenye mbwa alijua kwamba mbwa huyu, peke yake, ana tabia ya ukali kwa watu.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Husema mbwa ana ruhusa ya kuuma mara moja, na hesabu huanzia mara ya pili. Sivyo. Lililo muhimu si jino bali ujuzi. Mbwa anayewarukia wapita njia, anayekata kamba ili awafikie watu, amekwisha kumjulisha bwana wake tabia yake, hata kama meno yake hayajafika kwenye nyama ya mtu.

Wakili alinitolea mifano mitatu ya kesi za Uingereza, nami naiandika kwa kuwa yafanana sana na mambo ya mashamba yetu.

Wa kwanza ni wa mwaka 1896. Mtu aliumwa na mbwa, akathibitisha kuwa mwenye mbwa alijua kwamba mbwa wake aliwahi kumshambulia mbuzi. Mahakama ikasema haitoshi. Ukali kwa mbuzi si ushahidi wa ukali kwa watu. Basi aliyeumwa asitegemee habari ya mbuzi wa jirani.

Wa pili ni wa mwaka 1872. Mbwa alikuwa chini ya uangalizi wa mtumishi, mwendesha gari la farasi. Mtumishi alijua kuwa mbwa ni mkali, bwana hakujua. Mahakama ikasema ujuzi wa yule aliyekabidhiwa mbwa ni ujuzi wa bwana mwenyewe. Mfano huu na uwaingie masikioni wanachama wote wanaokaa mjini wakawaachia walinzi mashamba. Anachokijua mlinzi wako juu ya mbwa, sheria yakuhesabu wewe umekijua.

Wa tatu ni wa zamani zaidi, 1830. Mwenye mbwa alitundika kibao cha kuwaonya watu, lakini aliyeumwa hakujua kusoma. Kibao hakikumwokoa mwenye mbwa. Nami naongeza la kwangu: kibao cha "Mbwa Mkali" chaweza kuwa shahidi juu yako, kwani utasemaje hukujua ukali wa mbwa ambaye wewe mwenyewe umemwandikia ubao?

Msingi wa pili ni uzembe. Hata mbwa asiyejulikana kwa ukali, mwenyewe aweza kulipa ikiwa hakuchukua hadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua. Mbwa aliyefunguliwa usiku ili awakabili wezi, akaachwa huru alfajiri saa ile ile ambayo mwenye shamba mwenyewe amewaita wachumaji waje, hilo ni jambo ambalo hakimu atalitazama sana.

Mwenye mbwa naye ana hoja zake, na ni haki tuziseme. Mwizi aliyeruka ua usiku hana daraja sawa na mchumaji aliyealikwa. Aliyemchokoza mbwa kwa mawe au kumpiga kwa fimbo naye amejitakia, na fidia yake yaweza kupungua au kukosekana. Bali mtoto aliyefuata nyuma ya mama yake kwa njia iliyozoeleka hakumchokoza mtu.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Uingereza kwenyewe sheria hii ya zamani ilibadilishwa kwa Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971. Huko California, Marekani, mwenye mbwa hulipa hata kwa jino la kwanza, alijua au hakujua, maadamu aliyeumwa alikuwa mahali pa halali.

Na asije mtu akasema haya ni ya kizungu tu. Waliosoma Minhaji ya Imamu Nawawi watakumbuka suala la paka anayejulikana kwa kula ndege au chakula cha watu: mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Asiyejulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe halipi. Mizani ni ile ile ya ujuzi. Hata hivyo, tusipeleke madai haya kwa Kadhi, kwani mahakama yake ni ya ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo. Dai la kuumwa na mbwa ni la mahakama za kawaida.

ALIYEUMWA AFANYE NINI

Kwanza, aoshe kidonda na aende hospitali, kama tulivyokwisha kusema. Asingojee karatasi ya mtu yeyote.

Pili, apige ripoti polisi na achukue fomu ya PF3, daktari aijaze. Kumwacha mnyama wa hatari bila ya kumzuia si jambo la fidia tu, laweza kuwa la polisi pia. Sheha naye aarifiwe.

Tatu, mbwa asiuawe kwa hasira ikiwa aweza kufungwa. Mbwa aliyefungwa na kutazamwa na daktari wa mifugo kwa siku 10 atajulisha kama ana kichaa au hana. Mbwa aliyezikwa shambani hasemi kitu.

Nne, yaandikwe majina ya walioona, na hasa ya waliopata kurukiwa au kufukuzwa na mbwa yule siku za nyuma. Hao ndio mashahidi wa ujuzi.

Tano, zihifadhiwe risiti zote: za dawa, za nauli, hata ya nguo iliyochanika. Vinavyodaiwa ni gharama za matibabu na safari, kipato kilichopotea, na pia maumivu na kovu au kilema kinachobaki. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hudai kwa niaba yake.

Sita, asikawie. Dai lina muda wake kisheria, na likikaa mno mlango hufungwa. Lakini pia asiwe na haraka ya kutia saini karatasi ya "nimeridhika" kwa noti mbili tatu kabla ya sindano kwisha na kidonda kupona, kwani hajui bado khasara yake ni kiasi gani.

MWISHO WA HABARI YA MTOTO

Nilirudi kwa mwanachama mwenzetu na haya yote. Sikumtisha kwa mahakama. Nilimwomba tu amwite mlinzi wake, nikamwuliza mlinzi mbele yake: mbwa huyu vipi na watu? Mlinzi akatazama chini, kisha akasema kuwa tangu msimu wa nyuma yake huwaambia wachumaji wapite na fimbo, na kwamba mpagazi mmoja alichaniwa kikoi chake pale pale kwenye lango. Bwana wake hakuwa na habari. Alinyamaza kitambo, kahawa ikapoa, kisha akauliza: "Mtoto yuko wapi sasa?"

Tulikutana kwa sheha. Mwenye shamba alikubali kulipa matibabu, na nauli ya mama na mtoto kwa kila safari ya sindano, na siku ambazo mama hakuchuma, zikahesabiwa kwa pishi alizozoea kuchuma siku nyingine. Kikaongezwa kiasi kwa ajili ya maumivu ya mtoto. Yote yaliandikwa, yakatiwa saini mbele ya mashahidi, na kila upande ukapewa nakala. Mbwa alifungwa na kutazamwa, akaonekana mzima, na baadaye akachanjwa. Lakini asubuhi ile ya kwanza hapana aliyeweza kujua hivyo, na kama mama yule angelirudi nyumbani kwa kukosa nauli, tungekuwa tumemwachia mtoto bahati nasibu.

Suluhu ya namna hii ndiyo iliyo bora kwetu sisi majirani. Lakini suluhu hupatikana pale ambapo mnyonge anajua haki yake. Asiyeijua hapatanishwi, hunyamazishwa tu.

Kwa hiyo naomba mambo manne yazungumzwe katika mkutano mkuu ujao, kabla ya karafuu kuwiva: kila mwanachama mwenye mbwa amchanje kila mwaka na aiweke kadi yake, mbwa afungwe kabla ya alfajiri siku zote za kuchuma, kila mlinzi aamriwe kumwarifu mwenye shamba mara moja mbwa anapomrukia mtu, na Chama kitenge fungu dogo la nauli ya hospitali kwa mchumaji yeyote atakayeumwa shambani mwa mwanachama, fedha hizo zirejeshwe na mwenye mbwa baadaye.

Karafuu zetu hazijichumi. Mkono unaozichuma ukija shambani alfajiri, usikutane na meno.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama