Bastola ya Marisau: Je, Yafaa kwa Kujilinda?



Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alisimama akatoa shauri lililowachangamsha watu kuliko hata habari za bei. Ndugu huyu aliibiwa karafuu jamvini usiku, karafuu kavu zilizobaki kutiwa maguniani tu, na mwanawe aliyekuwa akilala hapo kulinda alipigwa rungu akavunjika mkono. Akatwambia kuwa ameona katika simu habari za bastola ya Kimarekani inayopiga risasi za kawaida na kupiga marisau vilevile, yaani zile chembe ndogo za risasi tunazozijua katika bunduki za kuwindia ndege. Hoja yake ni nyepesi kufahamika. Usiku mtu haoni shabaha, na marisau hutawanyika, basi hata asiyejua kulenga atapata. Akaomba Chama kitoe fedha katika mfuko wetu inunuliwe moja, na aandikiwe barua ya kumsaidia kuomba leseni.

Kamati imeniagiza niitafute habari ya silaha hii na kuieleza humu kabla ya kura kupigwa. Nimeisoma kwa kadiri ya uwezo wangu, na ninaieleza kama nilivyoiona.

Kwanza, fikra yenyewe si mpya. Katika mwaka 1856 Jean Alexandre LeMat wa New Orleans alipata hati ya kubuni bastola ya ajabu kidogo. Silinda yake ilichukua risasi tisa, na katikati ya silinda hiyo ulipita mtutu wa pili, mnene na laini ndani, uliosheheni marisau. Baadhi ya majemadari wa majimbo ya kusini waliitumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Angalieni, kwa hisani yenu, kwamba LeMat aliyatengea marisau mtutu wao wenyewe, mpana na laini. Jambo hili tutalirudia.

Baadaye, kati ya mwaka 1922 na 1934, kiwanda cha Ithaca katika jimbo la New York kilitengeneza bunduki fupi ya mitutu miwili, ya kushikwa mkononi kama bastola, wakaiita Auto & Burglar, kwa kuwa ilikusudiwa kuwekwa garini au nyumbani kwa ajili ya wezi. Hiyo nayo mitutu yake ilikuwa laini. Iliuawa na sheria, haikuuawa na ubaya wake. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya silaha iliyotia usajili na ushuru mzito juu ya silaha za namna hiyo, kwani ni bunduki kubwa inayofichika ndani ya koti, na kiwanda kikaacha kuitengeneza.

Sasa tufike kwenye bastola aliyoiona mwenzetu. Hiyo ni Judge, maana yake Hakimu, ya kampuni ya Taurus ya Brazil, iliyotolewa kwa jina hilo mwaka 2006. Kampuni ilieleza kuwa jina limetokana na mahakimu wa mji wa Miami waliokuwa wakiichukua kujilinda mahakamani. Inachukua risasi tano, na kila tundu la silinda yake laweza kutiwa ama risasi nene ya .45 Colt, ambayo ni ya tangu miaka ya 1870, ama ganda la marisau la .410. Mwaka 2011 kampuni ya Smith & Wesson ikatoa ya kwake, jina lake Governor, nayo inachukua sita. Ziliuzika sana, na sababu inajulikana: kila mtu anayeogopa usiku angependa silaha isiyomdai ustadi.

Lakini tazameni sheria ile ya 1934 imeifanyia nini. Mtutu wa bastola ukiwa laini na ukapiga marisau, unaingia katika zile silaha zinazodai usajili wa peke yake. Ili kuepukana na hayo, mtutu wa Judge umechongwa mifuo ya kuzunguka ndani, kama wa bastola nyingine yoyote. Mifuo hiyo ni neema kwa risasi moja, kwa sababu huizungusha ikaenda moja kwa moja. Kwa marisau ni balaa. Chukua ungo wenye karafuu, uzungushe kwa nguvu, uone zitakwenda wapi: zote zitakimbilia ukingoni na kumwagika, na katikati patabaki patupu. Ndivyo yanavyofanya marisau yakitoka katika mtutu ule. Kwa mwendo wa hatua saba au nane tu, marisau madogo yamekwisha tawanyika kupita upana wa kifua cha mtu, na mara nyingi pale katikati, ndipo mahali palipolengwa, pana upungufu.

Halafu kuna hesabu ya ujazo. Bunduki ya kuwindia ya namba 12, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoifikiria tukisikia neno marisau, kwa kawaida hutupa zaidi ya wakia moja ya risasi kwa mpigo mmoja. Ganda la .410 la inchi mbili na nusu lina nusu wakia tu. Na ile .410 ni upana wa tundu kwa inchi. Kama ingehesabiwa kwa desturi ya bunduki nyingine ingekuwa kiasi cha namba 67. Ni mdogo wao kabisa. Ukilijaza ganda hilo marisau ya namba 9 utapata kiasi cha chembe 290, kila moja ina upana wa milimita mbili, ndogo kuliko punje ya mtama. Chembe hizo zapita katika mtutu wa inchi tatu, urefu wa kidole, ilhali bunduki ndefu ina mtutu wa inchi ishirini na kitu ambamo baruti hupata nafasi ya kuwaka na kusukuma. Nyingi ya nguvu yake hutoka nje kuwa moto na kishindo.

Mtu ataniuliza: hata hivyo, si yataumiza? Yataumiza, naam, na yakiingia machoni yatapofusha. Lakini kuumiza ni mbali na kumzuia mtu aliyekwisha kusudia. Katika mji huohuo wa Miami, tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walipambana kwa risasi na wezi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapema katika mapambano hayo Platt alipigwa risasi ya bastola iliyopita mkononi ikaingia kifuani, ikasimama kiasi cha inchi moja tu kabla ya kufika moyoni. Jeraha hilo lilikuwa la kumwua, lakini halikumwua papo hapo. Aliendelea kupigana, na kabla hayajesha mambo maofisa wawili, Jerry Dove na Benjamin Grogan, walikuwa wamekufa, na wengine watano wamejeruhiwa. Baada ya msiba huo FBI wakaweka kipimo: risasi ya kujilinda sharti iingie angalau inchi 12 katika jelatini, yaani kitu kilichogandishwa mfano wa mnofu wa mtu. Marisau madogo ya ndege yakipigwa kwa bastola ya .410 hayafiki nusu ya kipimo hicho. Mwizi aliyevaa koti zito atatoka na vidonda vya ngozi na hasira.

Viwanda vya risasi vimelitambua hilo. Kampuni ya Federal imetengeneza ganda la .410 kwa ajili ya bastola hizi tu, lenye gololi nne kubwa badala ya chembe mia mbili, zikienda kwa mwendo wa futi 850 kwa sekunde. Hizo zinaingia vyema zaidi, siwezi kuzidharau. Lakini mwangalie msomaji tulipofika. Gololi nne hazitawanyiki kama wavu wa kutupa. Kwa mwendo wa ukumbini zitapiga mahali pamoja au karibu na pamoja, na mpigaji lazima alenge sawasawa na mwenye bastola ya kawaida. Wengine hutia .45 Colt na kuyaacha marisau kabisa, na hapo wamekuwa na bastola kubwa kupita haja, ratili mbili kasoro kidogo bila ya risasi, ambayo silinda yake ni ndefu kwa ajili ya maganda wasiyoyatumia, na kwa urefu huo risasi huruka mwanya mkubwa kabla ya kushika mifuo, jambo lisilosaidia shabaha. Basi ile sababu ya kuinunua, kwamba asiyejua kulenga atapata, imetoweka njiani.

Nisiseme kuwa haina kazi. Huko Marekani wenye mashamba huyatumia marisau ya bastola kwa nyoka, hatua mbili tatu kutoka miguuni, na kwa kazi hiyo inasifiwa kwa haki. Kwetu nyoka hupata haki yake kwa panga au fimbo ndefu, na bei yake ni nafuu.

Nirejee sasa katika uwanja wetu wa kuanikia. Nani huwa pale usiku wa msimu? Hawako wezi peke yao. Wapo wachumaji waliolala kibandani, wapo akina mama waliochelewa kuchambua makonyo, na alfajiri wapo watoto wanaookota karafuu zilizodondoka chini ya mikarafuu. Marisau yanayotawanyika hayamchagui mtu. Katika chembe 290, zile zisizompata mwizi zina pahala zinapokwenda, na aliyefyatua ndiye atakayeulizwa kila moja. Aliyevunjwa mkono ni mtoto wa mwenzetu, na uchungu wake tunaujua. Lakini nifikiripo kijana huyo gizani na silaha ile mkononi, huku binamu zake wamelala upande wa pili wa jamvi, nauona msiba mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Liko na jambo la sheria. Kuwa na silaha bila ya leseni ni kosa, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kuwa leseni haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mwizi wa karafuu anayekimbia na gunia. Mahakama hupima nguvu aliyoitumia mtu na hatari iliyomkabili roho yake wakati uleule, na gunia halihesabiwi kuwa roho. Tena leseni hupewa mtu, naye ndiye mwenye dhamana ya silaha. Haiwezi kuzungushwa leo kwa huyu kesho kwa yule kama mizani ya Chama.

Na mimi nina shaka moja zaidi, ambayo sikuisoma popote. Wezi waliokuja mara ile walikuwa watu wanaojua nani analala wapi. Wakisikia pana bastola jamvini, watakuja kuitafuta hiyo kabla ya karafuu.

Kwa hivyo nitakapoitwa kutoa maoni katika Kamati, nitasema fedha za mfuko zisitumike kwa silaha hii, na barua isiandikwe kwa jina la Chama. Badala yake nitapendekeza taa mbili za jua katika kila uwanja mkubwa, filimbi kwa kila kibanda, na zamu ya watu wanne wanne kutoka mashamba yanayopakana, wasilale wote kwa pamoja. Gharama yake nimeiandika katika karatasi iliyobandikwa ofisini, na mwenye hesabu bora kuliko yangu ailete. Mwenzetu aliyetoa shauri atapewa nafasi ya kwanza kunijibu, na nimekwisha mpelekea nakala ya makala haya kabla ya kuchapishwa.

Majina ya walio tayari kwa zamu ya wiki ya kwanza ya uchumaji yanaandikwa kwangu kila siku asubuhi, isipokuwa Ijumaa.

Katibu